Kuinywesha Pembe ya Mamothi

Kengele ya mwisho ikilia, watoto wa shule walitoka kwa lango la mbele kama maji yaliyofunguliwa. Kidoti peke yake alikata kona nyuma ya madarasa, akapita uchochoro wa mafundi seremala huku akipiga chafya kwa vumbi la mbao, akatokea kwenye mlango wa nyuma wa jumba la makumbusho.

Kidoti si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa na doa jeusi juu ya mdomo, dogo kama mbegu ya ufuta. Siku moja shangazi yake alisema, "Huyu hata akipotea sokoni tutamtambua kwa kidoti chake," basi jina likamganda. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu, na mwepesi wa kusahau pia.

"Umekuja kumnywesha bibi kizee?" mkuu wa makumbusho alimuuliza, kikombe cha chai mkononi.

"Ndiyo, mzee."

"Haya, shika ufunguo. Mpe salamu zangu. Mwambie akiamka aniletee watalii, maana hapa siku hizi wanaingia nzi tu."

Kidoti akacheka, akashuka ngazi za mawe mpaka chumba cha chini. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na taa moja na harufu ya udongo mbichi. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa mchanga, na juu ya mchanga, chini ya nailoni na magunia yenye unyevu, ililala pembe. Ilikuwa na urefu karibu sawa na kimo cha Kidoti, imepinda kama mkono wa mtu aliyembeba mtoto. Haikuwa ya tembo. Ilikuwa pembe ya mamothi, mnyama mkubwa wa kale aliyefanana na tembo na ambaye hayupo tena duniani.

Aliyeiona kwanza ni baba yake Kidoti. Baba alikuwa mchimba udongo kwenye kiwanda cha matofali nje kidogo ya mji. Siku hiyo sepetu lake liligonga kitu kigumu, akadhani ni mzizi. Alipofuta tope kwa kiganja akaona rangi ya maziwa yaliyochacha, akaacha kila kitu, akaenda kumwita dada yake. Shangazi wa Kidoti ndiye fundi wa mifupa wa pale makumbusho. Kazi yake ilikuwa kusafisha na kuunga mifupa ya wanyama wa kale. Alifika machimboni mbio, bado amevaa kandambili za jikoni, akipiga kelele tangu mbali, "Asiiguse mtu! Leteni maji!"

Wachimbaji wakaangua kicheko. "Dada, kitu kimelala majini miaka yote hiyo, na wewe unataka kukiongezea maji?"

"Leteni, nitawaeleza baadaye. Chekeni huku mnachota."

Wakaifunga magunia ya maji, wakaibeba juu ya mlango wa zamani uliong'olewa kwenye ghala, baba akiwa ameshika upande wa shina, ule uliokuwa ndani ya taya la mnyama, na njia nzima watu walisimama kutazama kama vile ni maiti inapita.

Baadaye Shangazi alimweleza Kidoti, chumbani mle mle, huku akinyunyizia maji kwa chupa. "Pembe hii ilizikwa kwenye udongo mbichi kabla mji huu haujafikiriwa. Imezoea unyevu. Ukiitoa ghafla ikapigwa na hewa kavu, nje inakauka na ndani bado mbichi. Nje inajikunja, ndani inakataa. Basi inabanduka maganda maganda kama kitunguu, na kitunguu kilichobanduka nani anaweza kukirudisha? Kwa hiyo tunaikausha polepole, mpaka yenyewe isijue kwamba inakauka. Leo gunia liwe kama nguo uliyoikamua. Wiki ijayo tunapunguza kidogo. Ni kazi ya miezi."

"Miezi! Kwa jino moja?"

"Umesema vyema, ni jino. Watu wanaita pembe, lakini ni jino lililotoka nje ya mdomo."

Kidoti alipenda saa zile. Shangazi alikuwa akizungumza habari za mamothi kama anayezungumza habari za jirani aliyehama. Alisema mamothi alikuwa na masikio madogo, ili baridi isipate pa kumng'ata. Alikuwa na nundu ya mafuta mabegani, na manyoya marefu yaliyoning'inia mpaka karibu na magoti. Alikula majani ya mbugani kutwa nzima, na magego yake yalikuwa na mistari mistari kama ubao wa kufulia. Gego likilika, jingine lilisogea kutoka nyuma kuchukua nafasi yake. Akifikia seti ya sita, basi hakuna tena. Ikilika hiyo, mnyama alikufa njaa amesimama katikati ya chakula.

"Kwa hiyo ndiye babu wa tembo?" Kidoti aliuliza.

"Watu wengi wanadhani hivyo. Hapana. Ni ndugu yake. Ni kama mimi na baba yako, tumetoka nyumba moja kila mtu akashika njia yake."

"Sasa kati yenu mamothi ni nani?"

"Mwenye nywele ndiye mamothi. Na baba yako ana upara tangu hujazaliwa, kwa hiyo usimsingizie."

Lakini jambo lililomkosesha Shangazi usingizi lilikuwa ndani ya pembe yenyewe. Pembe ya mamothi, alisema, hukua kutokea shinani, tabaka juu ya tabaka, kila mwaka na lake. Ncha ndiyo utoto. Shina ndilo siku za mwisho. Mwaka wa majani mengi unaacha tabaka nene, mwaka wa njaa unaacha tabaka jembamba kama uzi. Jike aliyebeba mimba na kunyonyesha naye anaacha alama yake. Ukikata kipande kidogo ukakiweka chini ya hadubini, maisha yote unayaona.

"Huyu wetu ni jike," Shangazi alisema, "na kwa udongo tuliomkuta nao, aliishi wakati wenzake wa sehemu hizi walipokuwa wanakwisha. Wengine wanasema nchi ilipata joto, mbuga zikageuka vinamasi na misitu. Wengine wanasema binadamu waliwamaliza kwa mikuki. Mimi nadhani ni yote mawili, lakini kudhani si kujua. Alikufa ana njaa? Alikuwa ananyonyesha? Au alikuwa amenenepa, akauawa?" Akainamia upande wa shina, mahali ambapo pembe ilikuwa tupu ndani na ukingo wake mwembamba kama ukingo wa kikombe. "Jibu liko hapa. Na hapa ndipo panapovunjika upesi kuliko pote. Maisha yangu yote ya kazi nimeletewa vipande. Hii ni mara ya kwanza nimepata iliyo kamili, na mkuu amenipa muda mpaka ikauke. Asipopata kitu cha kuwaonyesha watu, chumba hiki kinageuzwa stoo ya viti."

Haukupita muda, Shangazi aliteleza kwenye zile ngazi za mawe akavunjika mguu. Ukafungwa plasta mpaka gotini, na daktari akakataza ngazi kabisa. Akamwita Kidoti kitandani kwake.

"Hakuna mwingine aliyeona ninavyofanya. Utaweza?"

"Nitaweza, Shangazi."

"Kila siku. Kidogo kidogo. Usiniangushe, mwanangu. Kuanguka nimeshaanguka mwenyewe."

Mwanzoni Kidoti alifanya kazi kama saa. Alinyunyizia, akapapasa magunia kwa vidole, akarudisha nailoni, akaenda kwa Shangazi kutoa habari. Jioni baba akirudi na matope mpaka kwenye nyusi, kabla hata ya kunawa aliuliza, "Mnyama wetu anaendeleaje?" Na Kidoti alijibu, "Anaendelea vizuri, baba." Baba alikuwa akitabasamu peke yake. Katika maisha yake alichimba udongo mwingi sana, na wote uligeuka kuta za nyumba za watu wengine. Ile pembe ndiyo kitu pekee alichokitoa ardhini ambacho watu walisema, hiki kimeokotwa na fulani.

Kisha mashindano ya mpira wa pete yakakaribia. Kidoti alikuwa na mbio, na mwalimu wa michezo alitaka wachezaji wabaki kila siku baada ya masomo. Aliyekuja na habari alikuwa rafiki yake, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyejua anapozimwa.

"Leo unabaki au unakwenda kumwogesha marehemu?" Redio alimuuliza mbele ya wenzake.

"Lazima niende. Ikikauka inapasuka."

"Wee! Huyo mnyama alikufa maelfu ya miaka iliyopita. Siku moja bila maji ndiyo atakufa tena?"

Wasichana wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kidoti naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichombakisha uwanjani. Jioni akapita kwa Shangazi kama kawaida.

"Umenyunyizia?"

"Ndiyo, Shangazi."

Neno lilitoka jepesi. Kesho yake likawa jepesi zaidi. Mkuu wa makumbusho hakumwona akija kuchukua ufunguo, lakini alidhani binti anakuja saa ambayo yeye yuko mbele na wageni. Wiki ile ulivuma upepo mkavu na wa moto. Midomo ya watu ilipasuka, nguo zilikauka kabla hujamaliza kuanika. Kidoti alikuwa akikumbuka pembe usiku akiwa kitandani, anajiambia kesho, na kesho ikifika Redio yuko mlangoni pa darasa amebeba mpira.

Siku aliyokwenda hatimaye, alijua kabla hajawasha taa. Ile harufu ya udongo mbichi haikuwepo. Chumba kilinuka vumbi. Nailoni ilikuwa imeteleza upande mmoja, upande wa shina, na magunia yalikuwa yamekauka kwa ukavu wa ukoko wa mkate.

Akachukua chupa ya kunyunyizia, akaona itachukua muda mrefu, akaitupa. Akakimbia bombani nyuma ya jengo, akajaza ndoo, akarudi nayo ikimwagikia viatu, akaimimina yote juu ya magunia mara moja, toka ncha mpaka shina, kama anayezima moto. Alitaka kulipa siku zote alizozikosa kwa pigo moja.

Maji yakanywewa yakaisha. Kisha akasikia, ndani ya magunia: *tak*. Ikatulia. *Tak*, tena. *Tak, tak.* Kama mtu anayevunja vidole vyake kimoja kimoja.

Alifunua kidogo akaona ufa mwembamba kama unywele, na wa pili pembeni yake. Akafunika haraka, akaweka nailoni, akapanda ngazi.

"Bibi kizee hajambo?" mkuu aliuliza.

"Hajambo," Kidoti akasema, akarudisha ufunguo bila kumtazama.

Toka siku hiyo alikwenda kila siku bila kukosa, mpira wa pete akauacha kabisa. Alinyunyizia kwa uangalifu kuliko hata mwanzo, lakini hakuthubutu kufunua. Na kwa Shangazi aliendelea kusema vizuri, vizuri, na kila alipolisema neno hilo lilikuwa zito mdomoni.

Daktari akamfungua Shangazi plasta. Siku hiyo hiyo akashuka ngazi kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, huku magongo yake Kidoti akiwa ameyabeba. Alikuwa na furaha ya mtoto. Akafunua magunia upande wa shina.

Alikaa tu ameshika pindo la gunia. Ukingo wa shina ulikuwa umeachana matabaka, kama kitabu kilicholowa mvua kikakauka vibaya. Kipande kimoja kikaanguka mchangani chenyewe, bila kuguswa.

"Kidoti."

"Abee, Shangazi."

"Ulikuwa unanyunyizia kila siku?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Hukukosa hata siku moja?"

"Hapana, Shangazi."

"Maji kidogo kidogo, kama nilivyokuonyesha?"

"Kama ulivyonionyesha."

Shangazi akamtazama, kisha akaitazama pembe, akaamini alichoambiwa. Kwa nini asiamini? Huyo ni mtoto wa kaka yake. "Basi kosa ni langu," alisema taratibu. "Kama unyevu haukukatika na bado inaachana, ina maana imeoza ndani. Imejaa maji mno. Nimeilowesha mno tangu mwanzo. Ikibaki hivi itageuka uji wote." Akafunika tena shina. "Hakuna njia nyingine. Kesho tuipandishe juu kwenye mwanga, tuikaushe upesi, tuokoe tutakachookoa. Mwambie baba yako aje na wenzake."

Kidoti alijua. Mtoto aliyefundishwa habari ya ndani kukataa na nje kujikunja alijua vizuri kwamba hiyo siyo dawa. Akasema, "Sawa, Shangazi."

Nyumbani baba alipoambiwa hakunawa. Alikaa kwenye kigoda na matope yake, anatazama viganja vyake.

"Ni mimi," alisema. "Upande wa shina niliushika mimi. Pale kwenye kona ya ghala nilijikwaa kidogo, sikumwambia shangazi yako. Nilijua tu. Mikono hii imezoea sepetu."

Mama akamwambia ale. Hakula. Kidoti naye alisukuma sahani, na mama akadhani ni huzuni ya pembe, akampapasa kichwa. Kupapaswa kule kulimchoma kuliko kofi.

Asubuhi alikwenda shule na uamuzi wa kusema. Saa ya mapumziko akaahirisha mpaka mchana, mchana akaahirisha mpaka kengele. Kengele ilipolia alikimbia uchochoro ule wa maseremala kama anayefukuzwa. Lakini watu wazima hawangojei kengele. Alipofika, pembe ilikuwa imeshapandishwa, iko kwenye chumba cha juu, uchi, juu ya meza iliyosogezwa dirishani. Jua lilikuwa linaipiga ubavu mzima. Feni lilikuwa linazunguka. Shangazi aliegemea magongo kando ya meza, mkuu wa makumbusho alisimama na mikono nyuma, na baba alikuwa ukutani na kofia yake mkononi, kama watu wanavyosimama hospitalini.

Na ile sauti ilikuwa imerudi. Mara hii haikungoja. *Tak, tak, tak-tak.* Shina lilikuwa linaanguka maganda kwa maganda, na ukingo ule mwembamba kama wa kikombe haukuwepo tena. Palikuwa na lundo la vipande vyeupe na unga, na feni lilikuwa linaupeperusha ule unga ukaanguka sakafuni.

"Inazidi," mkuu alisema.

"Nilijikwaa," baba akaanza. "Dada, siku ile tulipoibeba, mimi—"

"Sikunyunyizia!" Kidoti akapiga ukelele.

Wote wakageuka. Akasema yote kwa mkupuo mmoja, bila hata kuvuta pumzi: mpira wa pete, upepo mkavu, magunia kama ukoko, ndoo, ile sauti chumbani.

Shangazi hakumgombeza. Kwanza hakumtazama hata kidogo. Alitupa gongo moja akapaza sauti, "Zima feni! Funga hilo dirisha! Kumbe haijaoza! Ilikauka, ikavimbishwa na maji ghafla, na leo nimeikausha tena kwa mikono yangu. Kaka, magunia! Yaloweshe uyakamue, yasichuruzike!"

Walifanya kazi mpaka jua likazama. Shina liliendelea kuachana chini ya magunia, unalisikia na huwezi kufanya lolote. Upande wa ncha, ambao haukuwa tupu ndani na ulibaki chini ya nailoni wiki ile ya upepo, ulitulia. Walipoirudisha pembe chumba cha chini, kilichobaki kamili kilikuwa pungufu ya nusu.

Siku zilizofuata Kidoti alikaa mezani na sinia la vipande, anajaribu kuunga. Alichukua kipande akakigeuza, akakilinganisha na kingine, na kingine. Vingi vilikuwa vidogo kuliko kucha, na vingi vikigeuka unga akivishika. Hakupata hata viwili vilivyokubaliana. Shangazi alimwacha ajaribu mpaka mwenyewe akaliweka sinia chini.

Mkuu wa makumbusho alikuja akasimama mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, na alisema kwa upole, lakini alilisema: nusu ya pembe haiwezi kuwekwa ukumbini kama ilivyotarajiwa, na chumba kitahitajika mwisho wa mwaka. Kile kilichobaki kitakapokauka wataangalia pa kukihifadhi. Shangazi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshalijua.

Baada ya majuma mengi, ncha ilikuwa imara kiasi cha kukatwa kipande chembamba. Shangazi alimwita kaka yake pia siku hiyo. Wakainama kwenye hadubini kwa zamu.

"Hapa alikuwa ananyonya," Shangazi alisema. "Mistari imenona. Hapa ameachishwa ziwa, unaona ilivyobana? Halafu akazoea majani. Huu ni mwaka mbaya, huu mbaya zaidi, halafu akapata nafuu. Hapa labda amezaa mara ya kwanza. Na hapa..."

Baba aliinua kichwa. "Na hapo?"

"Hapo ndipo pembe inapoishia."

"Kwa hiyo hatujui alikufaje."

"Hatujui. Na hatutajua."

Baba akavaa kofia yake. Mlangoni akamwambia Kidoti, bila hasira, na ingekuwa heri angekuwa na hasira, "Nililala macho nikijilaumu, mwanangu. Nawe ulikuwa pale pale, unanitazama." Akaenda zake kazini.

Kidoti akalia. Shangazi alimwacha alie, kisha akamvutia kiti karibu.

"Nisikilize, na usinijibu upesi. Kukosa siku ya kwanza lilikuwa kosa la mtoto anayependa kucheza. Ningekugombeza, ungenuna, tungenyunyizia, pembe isingedhurika. Ile ndoo nayo ilikuwa kosa la mtoto aliyeogopa. Ungenijia hata siku ile ile ukaniambia, ningekuja nikitambaa, pengine ningeokoa shina. Lakini wewe uliniambia umenyunyizia. Mimi nikaushika uongo wako nikaufanyia kazi kama ukweli. Nikatibu ugonjwa ambao haukuwepo. Aliyeiweka pembe juani ni mimi, Kidoti, si wewe. Mtu akikosea na akasema, tunajua pa kushika. Akikosea na akaficha, anawafunga macho hata wale wanaotaka kumsaidia."

"Nimekosa, Shangazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe siku nyingi."

"Basi kesho nitakuja kunyunyizia. Nitakuja kila siku."

"Uje. Lakini na mimi nitakuwepo, nimekaa kwenye kiti hiki, nakutazama. Usidhani ni adhabu. Ni kwamba nikikuuliza umenyunyizia na wewe ukasema ndiyo, kwa sasa sijui nimesikia nini. Hilo haliungwi kwa gundi. Utalirudisha wewe, kidogo kidogo, kwa kusema kweli hata mahali ambapo hakuna anayekuuliza."

Kidoti akajifuta uso kwa mkono wa sare. Akachukua chupa, akanyunyizia magunia ya kile kipande kilichobaki, akaweka kiganja kupima unyevu. Akasita. Angeweza kunyamaza.

"Shangazi, hapa pembeni nimezidisha kidogo."

Shangazi akasogeza gongo lake, akainama, akapapasa.

"Ni kweli," alisema. "Lete kitambaa kikavu tupunguze."